Mdakaji wa Pili

Doña Eduvigis alifunga dirisha la jikoni, akaketi juu ya kreti tupu la soda, akafunika mdomo kwa upindo wa aproni ili sauti yake isijulikane. Kisha akapiga simu redioni.

"Hii ni Jioni ya Besiboli, uko hewani," alisema Tirso, mtangazaji. "Tunaongea na nani?"

"Mama mmoja wa upande wa sokoni. Jina halina kazi hapa."

"Karibu, mama wa sokoni. Wasikilizaji, ligi inaanza wiki ijayo na kikosi cha ufunguzi cha timu yetu ya Kaa bado kinatupa homa. Nafasi moja tu imebaki, ya mdakaji wa pili. Wa kwanza ni yule Mmarekani, Dustin, hilo limekwisha. Sasa wewe unamtaka nani achuchumae pale nyuma kudaka mipira ya warushaji siku Dustin akipumzika, Radhamés au kijana Wilkin?"

"Radhamés. Wala haihitaji mjadala. Radhamés anawajua warushaji wote, anajua nani amegombana na mkewe, nani kakesha. Mrushaji akianza kutetemeka, yeye huenda taratibu, humwekea mkono begani, na mtu anatulia."

"Lakini ana miaka thelathini na saba, mama. Magoti yale."

"Magoti tunayapaka mafuta."

"Tunayapaka?"

Doña alikohoa. "Yanapakwa, nimesema. Na huyo kijana Wilkin, mkono anao, sikatai. Lakini vidole vyake vina sabuni. Mpira ukidunda chini unampita kama kuku aliyefunguliwa."

Hapo kasuku wa nyumba ile, aliyezaliwa na kukulia kwenye mazungumzo ya besiboli, alinyoosha shingo juu ya kamba ya nguo na kupiga kelele: "Straiki! Toka! Toka!"

Redioni mtu alisikika akizuia kicheko.

"Mama wa sokoni," Tirso aliuliza kwa upole, "huko sokoni kuna kasuku?"

"Wanauzwa," alijibu Doña Eduvigis, akakata simu.

Ng'ambo ya barabara, dukani kwa Leonte, ambako spika zilielekezwa mtaani ili hata aliye bafuni asikie, watu walicheka mpaka vipande vya domino vikaanguka mezani. Na nyuma ya nyumba ya Doña, uani penye mchanga, Radhamés mwenyewe alikuwa amesimama na mpira mkononi. Mbele yake alichuchumaa Wilkin, kijana wa miaka ishirini kutoka milimani. Kila jioni Radhamés alimrushia mipira ya kudunda, naye Wilkin alijifunza kuizuia kwa kifua. Wote wawili walikuwa wamesikia kila neno.

"Haya, mwingine," alisema Radhamés. "Kidevu chini."

*

Wakati wa kula, Milqueya, mke wa Radhamés, alipakua wali na maharagwe bila kumtazama mtu usoni. Alikuwa ametoka kiwandani kushona mashati ya watu wa mbali, na hakuwa na nguvu za kucheka wala kugomba. Wilkin alikuwa na kiti chake pale mezani tangu mazoezi yaanze, kwa sababu Doña alikuwa amemwona siku ya kwanza akila mkate mkavu kwenye ngazi za uwanja, akamshika mkono akamleta.

"Bibi," alisema Yarisel, mtoto wa Radhamés mwenye miaka tisa, "redio nayo ina kasuku kama wetu."

"Kula," alisema Milqueya.

"Mama," Radhamés alisema, akijitilia mchuzi taratibu, "kuna mtu anayefanana na wewe amepiga simu redioni."

"Dunia ina watu wengi wanaofanana."

"Ukimwona, mwambie namshukuru kwa mapenzi yake. Halafu mwambie asipige tena."

"Kwa nini asipige? Kila mtu anapiga. Kinyozi Nelsido kapiga mara tatu na hajawahi kushika mpira tangu azaliwe."

"Nelsido si mama yangu."

Wilkin alikula haraka, macho kwenye sahani. Alipomaliza aliosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kuruhusiwa kufanya, akaaga kwa adabu, kama vijana wanavyowaaga mama wa heshima: "Nibariki, Doña."

"Mungu akubariki, mwanangu. Mbona mapema? Bado kahawa."

"Nimechoka kidogo."

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa yake. Kiti chake kilibaki kimesogezwa mezani, na Doña kila jioni alikitazama kama mtu anayetazama mlango.

*

Nyumba ile ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mshahara wa msimu wa ligi ndio uliokuwa ukiivusha mpaka Pasaka; miezi mingine Radhamés alibeba abiria kwa pikipiki, na mwaka huo pikipiki ilikuwa mgonjwa kuliko magoti yake. Lakini Doña hakuwa akiwaza mshahara sana. Aliwaza jinsi mwanawe alivyokuwa akiamka mwezi Oktoba. Miezi mingine aliamka kama mtu mzima. Mwezi Oktoba aliamka akipiga mluzi.

Siku ya Alhamisi alivuka barabara kununua kitunguu saumu. Dukani mjadala ulikuwa umechemka.

"Tumshukuru Radhamés kwa aliyotufanyia, tumpe saa ya ukutani, aende akapumzike," alisema Nelsido kinyozi, domino mkononi. "Akiinuka pale magoti yanalia kama bawaba. Mimi niko jukwaa la juu nayasikia."

"Na huyo Wilkin wako?" Leonte alimjibu kutoka nyuma ya kaunta. "Juzi kapitwa na mipira miwili."

"Kapitwa, ndiyo. Lakini mkono ule umeuona? Mtu akithubutu kukimbilia besi ya pili anakuta mpira unamngoja, umeshavuta kiti, umekaa."

"Mdakaji si mkono tu. Mrushaji akichanganyikiwa, nani atamtuliza?"

"Kwani Radhamés anawaimbia?"

Walicheka, kisha wakamwona Doña mlangoni, wakanyamaza wote kwa mpigo. Mmoja akaanza kuhesabu domino zake upya.

Doña aliinua macho juu ya friji ya bia. Picha ya Radhamés ya mwaka ule wa ubingwa, amenyanyua kinyago cha uso na meno yote nje, haikuwapo. Aliitafuta akaiona chini, kando ya mifagio. Juu ya friji palikuwa na picha mpya ya Wilkin.

"Ni unyevunyevu, Doña," Leonte alisema haraka. "Friji inatoa jasho. Nimeona itaharibika."

"Na ya Wilkin haiharibiki?"

"Ile ni ya plastiki."

Doña alifikiri juu ya jibu hilo. "Nipe kitunguu saumu," akasema.

Leonte alimpa, akaongeza ndimu mbili ambazo hakuziomba, na hakuzitaja. Doña aliziona, akazipokea. Alijua mtu anavyoomba radhi akishindwa kusema.

Akiwa anatoka, alipishana na Dustin, Mmarekani mwenyewe, kijana mrefu mwekundu wa jua. Alikuwa amebeba mtungi wa gesi begani, na nyuma yake alitembea mjane wa nyumba ya kona, mikono mitupu, akimwelekeza njia kama askari wa barabarani. Dustin alisalimia kila mtu kwa Kihispania chake cha kuokoteza, akaukosea mlango wa mjane, akarudi, akaendelea. Nelsido alisema huyo ndiye atakayewafungia pointi. Hakuna aliyesema lolote juu ya mtungi.

Wakati huohuo pikipiki nyekundu ilitokea mwisho wa mtaa. Ilikuwa ya Cheo, meneja wa Kaa. Cheo ndiye aliyemsimamia Yarisel ubatizo, kwa hiyo yeye na Radhamés waliitana kompadre, na kila Jumapili alikula supu nyumbani kwa Doña. Tangu mazoezi yaanze hakuwa amekanyaga. Alipomwona Doña katikati ya barabara na kitunguu chake, alipunguza mwendo, akainua mkono nusu, kisha akakata kona ambayo haikuwa njia yake.

Milqueya aliona yote kutoka kibarazani. Radhamés aliporudi alimwambia: "Kompadre wako leo kakata kona kama aliyekutana na mbwa mkali."

"Mwache," alisema Radhamés, akifunga barafu kwenye goti. "Akija kula hapa na mimi nikachaguliwa, watasema supu ndiyo iliyochagua. Nisipochaguliwa atakuwa amekula supu yangu na kunitupa. Unataka afanye nini? Anapita njia ndefu kwa heshima yangu."

Milqueya akaenda kumwongezea barafu.

*

Siku iliyofuata Doña Eduvigis alifunga sufuria kwa kitambaa, akaenda kwa miguu mpaka nyumba ya wageni walikopanga wachezaji wa mbali. Alimkuta Wilkin kwenye ukumbi wa nyuma. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, anaurusha mpira ukutani ili umrudie kwa kudunda, anauzuia kwa kifua. Kifuani palikuwa na alama nyekundu. Juu ya ndoo iliyopinduliwa palikuwa na biskuti za chumvi na glasi ya maji ya sukari.

Kijana alisimama haraka. "Nibariki, Doña."

"Mungu akubariki. Hicho ndicho chakula chako?"

"Sikuwa na njaa."

"Mtu asiye na njaa hali biskuti kwa maji ya sukari. Kaa."

Alimfungulia sufuria na kumpa kijiko alichokileta mfukoni. Wilkin hakula mara moja.

"Niliona si vizuri," alisema, "kula wali wa nyumba inayoomba niachwe."

"Nyumba haikuomba. Ni mama mmoja wa sokoni."

"Mwenye kasuku."

"Mwenye kasuku," alikubali Doña, na wote wawili wakacheka kidogo. Alikaa kwenye ngazi, akajipepea kwa mfuniko. "Nilisema vidole vyako vina sabuni. Halikuwa neno la kumwambia mtoto wa mwenzangu mbele ya mji mzima."

"Lakini ni kweli. Radhamés ndiye aliyeniambia kwanza. Ila yeye aliniambia akiwa amenishika vidole, ananionyesha vinavyofunguka mapema."

Doña alijipepea tena. Akilini alimwona mwanawe pale uani, jioni baada ya jioni, akimfundisha mtu atakayemnyang'anya kazi, na aliona ajabu kwamba yeye, mama, alikuwa akilitazama jambo hilo kupitia dirisha lilelile alilokuwa akilifunga ili kupiga simu.

"Mama yako anasikiliza kipindi cha Tirso?" aliuliza.

"Kule kwetu mawimbi hayafiki. Nitampigia mambo yakijulikana."

"Kwa hiyo hana hata namba yao."

"Hana, Doña."

"Basi mjini hapa hakuna anayekusemea."

"Nelsido ananisemea."

"Nelsido," alisema Doña kwa huruma. "Kula, mwanangu. Na kesho kiti chako usikiache mpaka kijae vumbi. Atakayechaguliwa achaguliwe, wali utapikwa."

*

Uamuzi wa Kaa haukufichika kamwe, hata kabla ya kutangazwa. Jumamosi ya mwisho, baada ya mazoezi, meneja alizungumza na kila mchezaji peke yake chini ya jukwaa. Waliobaki kikosini waliambiwa wasubiri fundi cherehani awapime suruali za msimu. Wengine walichukua mifuko yao wakaondoka. Ndiyo maana siku kama hiyo wanawake wa mji hawaulizi nani kachaguliwa, wanatazama barabara. Anayerudi mapema ameachwa.

Doña alikuwa kibarazani tangu saa nane, akichambua maharagwe ambayo yalikwisha kuchambuliwa asubuhi. Milqueya alisuka nywele za Yarisel, akazifumua, akazisuka tena. Ng'ambo, Leonte alizima muziki.

Mtu alitokea mwisho wa mtaa akiwa na mfuko begani. Jua lilikuwa machoni mwao, na kwa muda waliona umbo tu, linatembea taratibu. Milqueya alishika bega la mwanawe. Doña aliweka ungo chini.

Alikuwa Wilkin.

Alifika mpaka kwenye ngazi, akavua kofia. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ameshanawa uso mahali fulani njiani. Maji yalikuwa bado kwenye kola.

"Nibariki, Doña. Radhamés anapimwa suruali."

Milqueya alipiga ukelele, Yarisel akakimbia ndani kumwambia kasuku, na ng'ambo Leonte alionekana akipanda juu ya kreti na picha mkononi, ile ya mifagioni. Doña peke yake hakufanya lolote. Alikuwa ameomba jambo hilo kwa watakatifu wawili na redio moja. Sasa lilikuwa limemjia, na limeletwa na mtu huyu, na hakujua mikono aiweke wapi. Mwishowe alichukua kofia ya kijana, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwapo.

"Mbona hukwenda kwanza kulala, mwanangu? Ungetuacha tusikie wenyewe."

"Tirso hasomi majina mpaka saa kumi na mbili. Nilijua unangoja kibarazani." Alishusha mfuko begani. "Na ulisema kiti kisijae vumbi."

"Nilisema. Ingia."

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na jambo ambalo halikuwahi kubadilika. Siku ya kuchaguliwa, ukoko wa wali, ule mgumu wa rangi ya dhahabu unaong'ang'ania chini ya sufuria, ulikuwa wa Radhamés. Hakuna aliyethubutu kuuomba, hata Yarisel. Doña alichukua kijiko cha chuma, akaukwangua wote, kipande kikubwa kizima kama sahani ndogo, akaumwagia mchuzi wa maharagwe na kumwekea Wilkin mbele.

"Doña, huu ni wa Radhamés."

"Radhamés ana suruali."

Kijana aliinamisha kichwa akala. Alikula polepole, na ukoko ulilia menoni mwake, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu kila mtu aliona vema kutazama mahali pengine.

Radhamés alipofika alikuwa anachechemea na kupiga mluzi. Alimkumbatia mkewe, akambeba Yarisel, akaenda moja kwa moja jikoni kama kila mwaka, akafunua sufuria.

"Na ukoko?"

"Umeliwa," alisema mama yake.

Radhamés alitazama sufuria, akatazama sahani ya Wilkin ambayo kijana alijaribu kuifunika kwa mkono, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na kijana, magoti yao yakigusana chini ya meza.

"Kesho saa kumi," alimwambia. "Nyuma ya nyumba. Vidole."

"Kesho?"

"Kwani unadhani magoti haya yatafika Desemba? Kikosi hubadilishwa kila wiki. Nataka wakikuita uwe umeshanawa sabuni."

Mtu alikohoa getini. Alikuwa Cheo, ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope.

"Komadre," alimwambia Milqueya, "bado mnatoa supu kwa watu waliopotea njia?"

"Supu ni Jumapili."

"Nitangoja hapahapa mpaka Jumapili."

Milqueya alimwacha asimame kidogo, ili ajue kwamba kona ile ilionekana, kisha akafungua geti. Cheo aliingia, akambusu Doña kwenye paji la uso, akaweka mkono kwenye bega la Wilkin na kuuacha pale.

"Niliwauliza warushaji," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Wote wakasema Radhamés. Mmoja tu alisema Wilkin, kwa sababu Radhamés anamdai." Akamgeukia kijana. "Wewe utafanya mazoezi na sisi kila siku. Malipo bado. Una mahali pa kula?"

"Anapo," alisema Doña.

*

Saa kumi na mbili Tirso alisoma majina, na kabla hajamaliza simu zikaanza kulia kubishania kikosi cha wiki ya pili. Doña Eduvigis aliketi kwenye kreti lake. Safari hii dirisha lilikuwa wazi, aproni iko magotini, kasuku yuko begani.

"Jioni ya Besiboli, uko hewani."

"Habari ya jioni, Tirso. Mimi ni Eduvigis, mama yake Radhamés."

"Tunakufahamu, Doña. Msalimie kasuku. Hongera kwa mwanao."

"Asante. Napiga kusema Wilkin aingie kikosini wiki ijayo. Anajifunza vizuri. Na ni mtoto mwenye adabu, anatoka mbali."

Mezani Wilkin aliacha kutafuna. Ng'ambo, domino zilinyamaza.

"Doña," alisema Tirso, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, "nafasi za wadakaji ni mbili tu. Akiingia Wilkin lazima mmoja atoke. Atoke mwanao?"

"Mwanangu ameshapimwa suruali."

"Basi atoke Dustin?"

Doña alifungua mdomo. Dukani watu walikuwa wamesogea mpaka mlangoni. Akakumbuka mtungi wa gesi, na shingo ile nyekundu, na jinsi alivyoukosea mlango akarudi.

"Huyo Dustin," aliuliza, "ana mama?"

"Nadhani anaye, huko kwao."

"Ana namba yenu?"

"Sidhani, Doña."

"Basi mimi simtoi mtu ambaye mama yake hana namba yenu."

Redioni zilisikika karatasi za Tirso zikipanguliwa. "Sasa tufanyeje?" aliuliza mwishowe.

"Fikirini nyinyi. Mna wiki nzima."

"Straiki!" alisema kasuku, na mtaa mzima ukacheka, Radhamés akiwa na barafu magotini, Wilkin akiwa na mdomo umejaa.

Kesho yake, alipokuwa akipima mchele, Doña Eduvigis aliongeza kikombe kimoja. Kisha akamtuma Yarisel kwa mjane wa nyumba ya kona, akaulize yule mrefu mwekundu anakaa wapi.